Kiyoyozi cha Mzee Pazi na Betri Chini ya Kiti

Haipiti wiki bila kijana mmoja wa gereji kufika kwangu hapa Ng'ambo. Ananiamkia vizuri, ananywa chai yangu, kisha ananiuliza: "Babu, hivi gari la zamani la volti sita linaweza kuwekwa kiyoyozi?" Namjibu kwamba linaweza. Anafurahi, anainuka aende zake. Namwambia, keti, sijamaliza. Haketi. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Karatasi haina mahali pa kukimbilia.

Namshukuru Mungu kwa macho aliyoniachia, kwa vidole ambavyo bado vinashika kalamu, na kwa miaka yote niliyofanya kazi ya umeme wa magari bila kuunguza gereji ya mtu. Nilikulia katika kanisa la Moravian, baba yangu alikuwa mwinjilisti, na uvumilivu nilifundishwa kabla sijafundishwa kusoma. Nasema hivi mjue kwamba haya nitakayowasimulia yalimchosha mtu aliyekwisha kuzoea kuvumilia.

Kwanza mwelewe volti sita ni nini, maana mnaisema kama mnavyosema bei ya nyanya. Mwalimu wangu, mzee Lubango, ambaye alijifunza umeme kwenye karakana za reli, hakuwa na vitabu vya kutugawia. Alitufundisha kwa msafara. Sisi watu wa Tabora babu zetu walibeba mizigo mpaka pwani, basi alisema: fikirini mzigo wa pembe unatakiwa ufike Bagamoyo. Ukiwa na wapagazi wenye nguvu, wachache wanatosha, na kijia chembamba kinawapitisha. Ukiwa na wapagazi wenye nusu ya nguvu hiyo, mzigo ni ule ule, lakini watu wanakuwa mara mbili, na njia lazima iwe pana. Usipoipanua watasongamana, watasuguana, na mahali penye msuguano pana moto. Volti ni nguvu ya kila mpagazi. Ampea ni wingi wao. Waya ndiyo njia.

Kwa hiyo gari la volti sita lina nyaya nene kuliko hizi mnazozijua. Ukimkuta mtu amelifunga taa kwa waya mwembamba wa spika, usimcheke; mwondoe kwenye gari haraka. Shika waya kwa mgongo wa kidole, si kwa kiganja, maana mgongo wa kidole husikia joto mapema, na ukishtuka mkono unakunjika kuelekea kwako badala ya kung'ang'ania. Na kabla hujalaumu betri, sugua ethi. Mzee Lubango alikuwa hagusi kitu mpaka amesugua pale waya wa hasi unaposhika bodi, hadi bati ling'ae. Magari mengi yaliyoletwa kwetu yakiwa "yamekufa" yalikuwa na kutu tu mahali hapo. Wenye magari walikasirika walipoambiwa hivyo. Mtu akileta gari lililokufa anataka kusikia limekufa kwa ugonjwa mkubwa.

Sasa nije kwa mzee Pazi.

Pazi ni Mzaramo. Alikuja Tabora akiwa kijana kufanya kazi ya reli, akaoa kwetu, akabaki. Mimi ni Mnyamwezi. Wazee wenu watawaambia maana yake: tangu enzi za misafara Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Anaweza kuniita mtumwa wake mbele ya mchungaji wangu nami siruhusiwi kununa. Anaweza kuchukua jembe langu uani akaondoka nalo akiimba. Nami naweza kumwambia uso wake umefanana na nazi iliyopasuliwa vibaya, akacheka. Hakuna kesi. Ni jambo zuri, limezuia ugomvi mwingi. Lakini jaribuni kufanya kazi ya fundi kwa mteja ambaye ni mtani.

Alikuwa na kobe, lile gari dogo la Kijerumani lenye mgongo wa mviringo na injini nyuma, la miaka ile ya volti sita. Kwa gari hilo alimchukua mkewe Nyamizi siku ya harusi, kutoka kwao Ziba hadi hapa mjini. Bi Nyamizi sasa moyo wake ni mgonjwa. Joto likimpata anaishiwa nguvu, mara mbili alizimia kwenye basi kabla hata ya kufika Nzega, na daktari akamkataza safari za jua. Dada yake mkubwa, ambaye ndiye pekee aliyebaki katika ndugu zake wa tumbo moja, yuko Ziba, haoni vizuri wala hasafiri. Miaka ilikuwa inapita na hawa wawili hawaonani.

"Nitamfikisha," Pazi akaniambia, akiwa amekaa kwenye benchi langu kama kawaida yake. "Kwa kobe. Utaniwekea kiyoyozi."

Nikamwambia wako watu wenye magari mapya yenye baridi tangu kiwandani, akodi moja.

"Shemeji zangu wa Ziba walisema siku ile kwamba gari hili halitafika hata Nzega. Nataka wale waliobaki waone."

"Waliosema wameshakufa, Pazi."

"Basi nitapita makaburini kwanza. Wewe mpagazi, kazi yako ni kubeba, si kuuliza mzigo unakwenda wapi."

Binti yake, Mwajuma, anayeishi Dar es Salaam, akatuma kwa basi kompresa ndogo iliyotoka kwenye gari la Kijapani, pamoja na feni, mabomba na kadhalika. Nikaanza kazi. Hapo ndipo kila mtu wa Ng'ambo alipogeuka fundi.

Mmoja alisema niiunganishe kompresa moja kwa moja kwenye volti sita. Nilikataa, lakini nilipokwenda kula, Pazi akaiunganisha mwenyewe. Klachi ya kompresa ni sumaku, na ile ilitengenezwa kwa volti kumi na mbili. Kwa sita ilishika, ikaachia, ikashika, ikaachia, ikigongagonga kama mlango wa choo siku ya upepo. Mkanda ukanuka. Mwingine akasema tuweke betri mbili za volti sita, tuzifunge mfululizo zitoe kumi na mbili. Hili lina akili ndani yake, ila halikufika mwisho. Dainamo ya gari ni ya sita, inalisha betri moja tu. Ya pili inafanya kazi na hailishwi. Baada ya muda moja imeshiba mpaka inachemka na nyingine imekufa njaa, na mwenye gari anakuja kukulaumu wewe. Wa tatu, kijana mwenye simu nzuri, akasema tung'oe dainamo tuweke alternata. Nikamuuliza, kwenye kobe feni inayopoza injini inazungushwa na nini? Akatafuta kwenye simu. Akatafuta sana. Inazungushwa na mhimili wa dainamo hiyo hiyo, ndugu zangu. Injini ile haina maji. Upepo wa feni ndio uhai wake. Ukitaka kubadilisha unaweza, kuna alternata za umbo lile, lakini inabidi ubadilishe na taa zote, na koili, na mota ya waipa, na honi, na Pazi alitaka kila kitu kibaki kama siku ya harusi.

Nilichofanya ni hiki, na mkipata kazi kama hiyo fanyeni hivyo. Gari nililiacha na volti sita zake, sikugusa hata balbu. Pembeni nikaweka mfumo wa pili mdogo: alternata ya volti kumi na mbili, inayozungushwa na mkanda mmoja na kompresa, na betri yake yenyewe. Huu wa pili unalisha klachi, feni mbili za kupoza gesi kule mbele, na feni ya kupuliza baridi chini ya dashibodi. Basi. Mifumo miwili inakutana mahali pamoja tu, kwenye hasi, kwa sababu bodi ni moja. Kila waya una fyuzi yake karibu na betri. Na swichi ya kompresa niliifunga ili isiwashwe kabla injini haijashika mwendo, maana injini ile ni ndogo, na kompresa ni kama kumpandisha mtu mgongoni kwa mpanda baiskeli. Kwenye mlima unazima baridi, unapanda, unawasha tena. Pazi akasema hiyo si baridi, ni sala za vipindi. Nikamwambia kwa hiyo ataizoea upesi.

Sasa betri. Mbele kuna tangi la petroli na zile feni, hapakuwa na nafasi. Kobe huwekwa betri chini ya kiti cha nyuma, upande mmoja. Ya pili nikaiweka upande wa pili. Lakini ile tuliyopata hapa mjini ilikuwa ndefu kuliko ya asili. Na hapa nawaomba mniangalie usoni, hata kama ni karatasi. Kiti kile kina springi za chuma chini, na kimejazwa makumbi ya nazi. Mtu mzito akikaa, springi zinashuka. Zikigusa vichwa vya betri ni shoti, chuma kinakuwa chekundu, na makumbi yanashika moto kama kibiriti, huku mtu amekalia. Betri fupi haifikiwi. Ndefu inafikiwa. Dawa yake ni kuifunika kwa mpira mnene na kuitengenezea sanduku la mbao lenye kifuniko. Seremala wangu alikuwa amesafiri kwenda msibani Igunga. Ilikuwa ni kumsubiri tu.

Nilimwambia Pazi. Na hapa ndipo ninapochoka mpaka leo, kwa sababu sijui ningemwambia namna gani nyingine.

"Gari halitoki," nilisema, "mpaka sanduku lije. Mkeo akikaa nyuma atawaka makalio."

Pazi alicheka mpaka akashika ukuta. "Makalio ya mke wangu yanakuhusu nini, Mnyamwezi?"

"Nakuambia ukweli. Ndani mna makumbi ya nazi, vitu vya kwenu, vinawaka haraka kama ninyi."

Nilisema ukweli mtupu, kila neno. Lakini tulikuwa tumezungumza namna hiyo kwa miaka yote tuliyojuana, na sikio lake halikuwa na mlango mwingine wa kupitishia maneno yangu. Jioni yake alilisimulia jambo hilo pale wanapokunywa kahawa. Kesho yake watu wasiojulikana kwangu walinisimamisha njiani kuniuliza habari za kiti. Nikamrudia Pazi, nikamwambia tena, polepole, kwa sauti ya kanisani. Akacheka zaidi, akasema sasa naigiza vizuri.

Jumapili nikaenda ibadani. Nilipotoka nikapita gerejini, kwa sababu moyo ulikuwa hautulii. Kobe halikuwepo. Mama Zaituni, anayekaanga chapati mlango wa pili, alikuwa anageuza chapati.

"Amekuja mzee Pazi na mkewe," akasema. "Amechukua ufunguo kwenye msumari. Amesema nikuambie, mtumwa wake akirudi kusali afagie."

"Ukamwacha aende?"

"Ni mtani wako, baba. Ningemzuiaje?"

Alikuwa na haki. Kwa desturi zetu hakuna anayemzuia mtani kuchukua. Nikapiga simu. Ikaita sana, kisha nikasikia sauti yake, na nyuma yake ngurumo ya injini na ile kompresa niliyoifunga mwenyewe.

"Baridi hii, Maganga," akasema. "Nimevaa koti."

"Pazi, simama. Nyamizi amekaa wapi?"

"Amelala kiti cha nyuma kama mke wa sultani. Daktari amesema asining'inize miguu."

"Mtoe hapo. Sasa hivi. Betri itashika moto."

"Makalio tena," akasema, na nikamsikia akimgeukia mkewe, "shemeji yako anakuulizia makalio." Akakata. Nilipopiga tena hakupokea.

Nilisimama pale na Biblia kwapani. Niliomba, na sala yangu haikuwa na adabu nzuri. Ilikuwa ya mtu anayemwambia Mungu, huyu ni mtu wako, nimeshindwa naye. Kisha nikaona jambo jepesi. Neno langu lisingefika kwake, hata ningelia. Lilihitaji kupita kwa mtu asiyekuwa mtani wake. Namba ya Mwajuma nilikuwa nayo, kwa sababu ya ule mzigo wa kompresa.

"Mwanangu," nikamwambia, "usiniulize kitu. Mpigie baba yako, mwambie asimamishe gari na mama yako ashuke. Kuna moto chini ya kiti. Mwambie umeambiwa na mimi na kwamba hata mimi sicheki."

Akasema "Ndiyo, baba mkubwa," akakata. Baadaye akanipigia tena. Walikuwa wamesimama. Walipofungua mlango moshi ulikuwa umeshaanza kutoka kwenye mshono wa kiti cha nyuma.

Muumini mwenzangu mmoja ana pikipiki. Tulikwenda na suti zetu za ibada, nikiwa na spana mfukoni na tyubu ya lori shingoni. Tuliwakuta kando ya barabara, kabla ya Nzega. Kiti kilikuwa kimetupwa chini, na katikati yake mna doa jeusi ukubwa wa sahani, bado linafuka. Viganja vya Pazi vilikuwa na malengelenge. Alikuwa amekinyofoa kwa mikono mitupu. Mkewe alikuwa amekaa kwenye mkeka wa mama mmoja mfugaji wa jirani, khanga iliyoloweshwa kichwani, anapumua kwa shida.

Pazi aliniangalia. Hakuniita mtumwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Uliniambia kwa utani."

"Pazi, wewe na mimi tuna lugha gani nyingine?"

Aliyejibu ni Bi Nyamizi, pale mkekani. "Ninyi wawili mtahukumiana kesho. Mimi joto linaniua. Hilo gari linatengenezeka au nirudishwe nyumbani?"

Nilichungulia. Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Kurudi mjini kulikuwa na urefu usiopungua sana ule wa kwenda mbele, na bila baridi asingefika popote. Namshukuru Mungu fyuzi zilikuwa zimekaa vizuri, waya haukuungua. Shoti ilikuwa ya springi kwa betri tu. Nikakata tyubu, nikavifunika vichwa vya betri tabaka juu ya tabaka. Yule mama mfugaji akatupa mbao za zizi kuukuu, nikazipanga zikapita juu ya betri na kuegemea bodi pande zote, nikazikaza kwa mikanda ya mpira. Springi zilizoungua nikazikunja juu. Nikamwagia makumbi maji mpaka yakalegea, maana makumbi yana tabia ya kuficha kaa ndani. Kisha nikasema tayari.

Bi Nyamizi akakitazama kiti. "Mimi pale sikai."

"Ni salama, dada."

"Kama ni salama," Pazi akasema taratibu, "kaa wewe."

Hakuwa anatania, na mimi niliona. Bi Nyamizi akakaa mbele, miguu juu ya furushi la vitenge. Nikaingia nyuma na suti yangu, kwenye kiti kilicholowa. Kila shimo la barabara nilikuwa nasikiliza chini yangu. Ninyi mnaopenda kumwambia mteja "hiyo imekaa vizuri" kabla hamjaifunga, nawaombea siku moja mkalishwe juu ya kazi yenu kwa mwendo kama ule.

Baridi ilishika. Tulizima kwenye vipandio, tukawasha kwenye tambarare. Bi Nyamizi akaanza kuongea, mara akaanza kutuonyesha mashamba ya watu, na alipoanza kumsema mumewe jinsi anavyoendesha nikajua moyo wake umetulia.

Tulipofika Ziba, dada yake alitolewa nje akiongozwa kwa mkono. Nilidhani Nyamizi atashuka. Hakushuka, nje joto lilikuwa linapepea juu ya ardhi. Dada mtu akapapasa mlango, akapapasa uso wa mdogo wake, akausikia ule upepo wa baridi unaotoka chini ya dashibodi, akauliza ni nini. Alipoelezwa, akaingia upande wa dereva, akafunga mlango. Wakashikana mikono humo ndani, vioo vimepandishwa, injini inanguruma.

Sasa injini ya kobe haitakiwi kunguruma imesimama huku imebeba kompresa. Haina maji. Nilizunguka nyuma, nikafungua kifuniko, nikagusa kwa mgongo wa kidole. Nikamwambia Pazi awaambie washuke, waingie ndani ya nyumba, au injini itakaba kwa joto ife.

Pazi akachungulia kioo. Kisha akaenda jikoni kwa shemeji zake, akarudi na ungo, akaushika kwa ncha za vidole kwa sababu ya malengelenge, akaanza kuipepea injini. Watoto wa boma wakajaa. Wazee wa Ziba wakatoka kumwona Mzaramo akipepea gari kama anapepeta mpunga, na waliyoyasema sitayaandika, mimi ni mzee wa kanisa. Aliendelea kupepea. Mkono ulipochoka alininyooshea ungo, nami nikapokea.